Kengele ya mlangoni isipolia, tuanzie kwenye bateri

Juma hili ukurasa wetu unajibu swali lililotoka katika likelemba moja ya wamama.

Mama mmoja alipokea zawadi kutoka kwa mdogo wake anayeishi Marekani: kengele ya mlangoni yenye kamera. Mgeni akibonyeza, kengele inalia ndani, na mwenye nyumba anamwona kwenye simu kabla ya kufungua. Kijana mmoja wa mtaa akaifunga kwenye bateri ya sola. Ikawaka, ikazimika, ikawaka tena, ikazimika kabisa. Sasa watu wanamwambia imekufa, aitupe, achukue pesa za likelemba anunue nyingine. Wamama wa kikundi wanatuuliza: je, ni kweli imekufa?

Jibu letu ni hili: msitoe pesa bado. Vifaa vya umeme mdogo, ule wa volti 12 au 16, mara nyingi huwa vizima, na ugonjwa uko katika njia inayowaletea umeme. Njia hiyo mama yeyote anaweza kuichunguza, hatua kwa hatua, bila diploma ya ufundi.

Tunajua kwa nini swali hili linawagusa. Usiku baba yuko ziwani au safarini, mtu anagonga, na mama anasimama nyuma ya mlango na mtoto mgongoni akiuliza, "Nani?" Sauti peke yake haitoshi. Kumjua mtu kabla ya kuvuta komeo si anasa ya matajiri.

Tena wazo lenyewe lilitoka kwa mwanamke mwenye shida kama hiyo. Marie Van Brittan Brown alikuwa muuguzi, mwanamke mweusi wa Queens, mjini New York. Saa zake za kazi na za mumewe Albert, fundi wa elektroniki, hazikulingana, na mara nyingi alibaki nyumbani peke yake. Mwaka wa 1966 wawili hao waliomba hati ya uvumbuzi, wakaipata tarehe 2 Desemba 1969. Mlango wao ulikuwa na matundu manne ya kuchungulia, moja juu ya lingine, ili aonekane mtu mrefu, mfupi na hata mtoto. Kamera ilihama kutoka tundu hadi tundu, picha ikatokea kwenye televisheni chumbani. Mama aliweza kuongea na mgeni, na kufungua mlango kutoka mbali kwa kubonyeza kitufe. Kengele za kamera za leo zimefuata wazo hilo.

Kwanza, someni kibandiko

Kabla ya kuunganisha kitu chochote, kigeuzeni mtazame mgongo wake au sanduku lake. Kuna namba, herufi V, na alama ndogo pembeni. Alama hiyo ndogo ndiyo watu wengi wanairuka, na ndiyo yenye jibu.

Mkiona kimstari kilichojikunja kama wimbi la ziwa, kifaa kinataka umeme unaokwenda na kurudi, ule unaotoka kwenye jenereta kubwa, kwenye konvertisa au kwenye transfo. Mkiona mstari ulionyooka na vidoti chini yake, kinataka umeme wa mwelekeo mmoja, ule wa bateri na wa panno ya sola. Wimbi ni transfo, mstari ulionyooka ni bateri. Wafundisheni hata watoto, watalikumbuka kuliko sisi.

Kengele nyingi za kamera zinazofungwa kwa waya huko Marekani huomba volti 16 hadi 24 zenye alama ya wimbi. Nyumba za huko zina transfo ndogo inayoshusha umeme wa volti 120 hadi karibu 16 kwa ajili ya kengele. Kifaa kama hicho kikifungwa kwenye bateri yetu ya volti 12 kinaweza kuwasha kataa kake, kikajaribu kuamka, kikakosa nguvu na kuzimika. Hicho ndicho alichokiona mama wa likelemba. Kifaa hakijafa, kina njaa.

Hapa kuna mitego miwili. Mtego wa kwanza ni kufunga transfo moja kwa moja kwenye bateri ili ipandishe volti. Transfo haifanyi kazi kwa umeme wa mwelekeo mmoja. Haitoi kitu upande wa pili, na yenyewe inaweza kupata moto. Mtego wa pili ni transfo iliyotumwa kutoka Marekani. Imeandikwa volti 120, na konvertisa zetu hutoa 220. Mkiiunganisha, itaungua.

Lakini geuzeni kifaa mara ya pili. Kengele nyingine za kamera zina bateri yake ndani na kitundu cha chaji kama cha simu. Kama ya mama wetu ni ya namna hiyo, asiiunganishe na waya wowote. Aichaji kama anavyochaji simu, kisha aitundike mlangoni.

Jambo lingine la kujua kabla ya kufurahi: kamera nyingi za namna hii haziwezi kutuma picha bila intaneti. Zinataka wifi ya nyumba, na wifi inataka mega kila siku. Mkitumia simu ya baba kugawa intaneti, siku baba akienda Baraka na simu yake, kamera inabaki kipofu. Pigeni hesabu ya umeme pia. Tuseme konvertisa, transfo, kisanduku cha wifi na kamera kwa pamoja vinakula wati 15. Kwa saa 10 za usiku ni 150. Bateri ya volti 12 na ampea 50 kwa saa ina 600, na bateri ya risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu, yaani 300. Kwa hiyo kamera peke yake inakula nusu ya chakula cha nyumba, kabla ya ampuli na simu za watoto.

Kengele ya kawaida, tuitibu hivi

Kwa nyumba zetu nyingi, kilicho karibu zaidi ni kengele ndogo ya volti 12, ile mafundi wanaiita soneri, na ampuli moja mlangoni inayowashwa kutoka ndani. Hizi zinakula umeme kidogo na hazitaki mega. Nazo hukataa kulia mara kwa mara, na kosa lake hutafutwa vilevile. Fuateni mpangilio huu, msiruke hatua. Na kwanza hakikisheni kwamba nyaya mnazogusa ni za bateri tu. Umeme wa volti 220 unaotoka kwenye konvertisa unaua. Huo tumwachie fundi.

Hatua ya kwanza, bateri. Kama mna kipima umeme, ile multimetri ya mafundi, kiwekeni upande wa volti za mstari ulionyooka, gusisheni nyekundu kwenye + na nyeusi kwenye -. Pimeni asubuhi mapema, kabla ya jua kuanza kuchaji. Bateri ya risasi iliyojaa na kupumzika inaonyesha karibu 12.7. Ikionyesha 12.2 imebaki kama nusu. Ikiwa chini ya 12 inalia njaa, na kengele haina kosa. Tazameni pia vichwa vya bateri. Mkiona unga mweupe au wa kijani, umeme unapita kwa shida. Fungueni kwanza waya wa -, kisha wa +, sugueni kwa maji ya vuguvugu yenye bikaboneti, kausheni, kazeni tena, mkimalizia na ule wa -.

Hatua ya pili, kisanduku kinachoongoza chaji, regilateri. Visanduku vingi hukata vyenyewe umeme wa ampuli na kengele bateri ikishuka sana, ili isiharibike. Mtu asiyejua atasema kengele imekufa, kumbe kisanduku kinailinda bateri. Panda juu ya nyumba uitazame panno. Vumbi la barabara ya Uvira na Baraka huifunika upesi. Kitambaa chenye maji asubuhi, wakati haijapata joto, kinatosha.

Hatua ya tatu, na hii ndiyo tunaomba mama kila mmoja aikumbuke hata akisahau mengine yote: ileteni kengele kwa bateri. Ifungueni ukutani, ileteni karibu na bateri, iunganisheni kwa nyaya mbili fupi, + kwa + na - kwa -. Ikilia hapo, kengele ni nzima, na kosa liko njiani. Isipolia, hakikisheni hamkugeuza + na -, kwa maana vifaa vingi vya elektroniki havifanyi kazi vikigeuzwa, na vingine huharibika. Ikikataa bado, basi kweli inahitaji fundi au kubadilishwa. Jaribio hili halina gharama, halitaki kipimo, na linamnyamazisha muuzaji anayetaka muichukue mpya.

Hatua ya nne, kitufe cha nje. Kazi yake ni moja tu, kukutanisha nyaya mbili. Kifungueni, chukueni hizo nyaya mbili za kitufe, zigusisheni. Kengele ikilia, kitufe ndicho kibovu. Hewa ya ziwa na mvua huleta kutu ndani yake. Kitufe kipya ni bei ndogo kuliko kengele. Lakini sikilizeni vizuri: ni nyaya za kitufe tu zinazogusishwa. Nyaya mbili zinazotoka + na - za bateri hazigusishwi kamwe.

Hatua ya tano, maungo. Watu wengi husokota nyaya kwa vidole na kuzifunga kwa kipande cha saketi ya plastiki. Baada ya mvua mbili, shaba imekuwa nyeusi na umeme haupiti. Nunueni domino, kale kaplastiki keupe kenye viskrubu. Kwangueni waya mpaka ung'ae, ingizeni, kazeni, vuteni kidogo kuona kama imeshika.

Hatua ya sita, njia yote. Fuateni waya kwa mkono kutoka bateri hadi mlangoni. Panya hutafuna, misumari huchoma, mlango hubana.

Mwenye kipima aangalie jambo moja ambalo hudanganya hata mafundi. Pimeni volti mlangoni huku mtoto akibonyeza kitufe. Bila kubonyeza mtaona 12, mtasema njia ni nzuri. Akibonyeza na namba ikaanguka hadi 8 au 9, kuna ungo mbovu au waya mwembamba. Ni kama njia ya ukutani ambayo mtu mmoja anapita vizuri, lakini siku ya soko inaziba.

Waya mwembamba unakula umeme

Hapa tunaomba mvumilie hesabu kidogo. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mlango ulio mita 15 kutoka kwa bateri unataka mita 30 za waya. Kila mita inakula kidogo. Tuseme kifaa kinavuta ampea 1, na bateri ina volti 12.

Kwa waya mwembamba kama wa simu ya mezani, wa milimita ya mraba 0.2, mita hizo 30 zinakula volti 2.6. Mlangoni zinafika 9.4 tu. Kwa waya wa 0.5 inapotea volti 1 hivi. Kwa waya wa 1.5 inapotea 0.35 tu. Kwenye umeme wa 220, kupoteza volti 2 na nusu hakuna atakayejua. Kwenye 12 ni zaidi ya moja ya tano, kama mama aliyechota bidoni nzima na kufika nyumbani na robo tatu.

Kwa sababu hiyo kengele inalia kwa sauti ya kuumwa, ampuli ya mlangoni inakuwa hafifu wakati ya chumbani inang'aa, na kamera inazimika usiku. Wengi huuliza kwa nini usiku na si mchana. Usiku kamera huwasha taa zake zisizoonekana kwa macho ili ione gizani, na hapo inavuta umeme zaidi. Waya uliovumilia mchana unashindwa usiku.

Mkienda kununua sokoni Baraka, kwangueni ncha ya waya kwa kisu. Ndani ikiwa nyekundu mpaka katikati, ni shaba. Ikiwa nyeupe ndani na nyekundu juu tu, ni alumini iliyopakwa shaba, na hiyo hupitisha umeme vibaya zaidi. Afadhali kuisogeza bateri karibu na mlango kuliko kununua mita nyingi za waya mbaya.

Volti 12 haichomi mkono, inachoma nyumba

Watu husema volti 12 haiui. Ni kweli kwamba ukigusa kwa mkono mkavu hutasikia kitu. Lakini bateri kubwa ya gari au ya sola, + yake ikikutana na -, inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Waya mwembamba unakuwa mwekundu kama kaa la mbabula ndani ya sekunde chache. Juu yake kuna nyasi au shitingi, chini yake kuna mkeka wa mtoto.

Dawa yake ni fizibo. Ni kawaya kadogo kanakokatika kabla waya mkubwa haujawaka. Iwekeni kwenye waya wa +, karibu kabisa na bateri, si kule mlangoni. Kwa kengele na ampuli ndogo, fizibo ya ampea 2 au 3 inatosha. Ikikatika, tafuteni sababu kwanza, kisha wekeni nyingine ya namba ileile. Anayeweka karatasi ya sigara au uzi wa shaba badala ya fizibo ameondoa mlinzi na kuacha mlango wazi.

Bateri ya maji isikae katika chumba cha kulala kilichofungwa, wala karibu na mbabula, kwa kuwa wakati wa chaji hutoa hewa inayoweza kulipuka. Maji yake ni asidi. Yakimrukia mtoto, mwosheni kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha mpelekeni kituo cha afya.

Tunawashauri nini?

Kwa nyumba isiyo na umeme wa kudumu wala wifi, tunashauri vitu vitatu kabla ya kamera: kengele ya volti 12 yenye waya mzuri na fizibo, ampuli mlangoni yenye swichi upande wa ndani, na tundu la kuchungulia kwenye mlango, lenye kifuniko, kwa urefu wa macho ya mama. Lichimbwe la pili chini kwa watoto wakubwa wanaobaki nyumbani, kama alivyofikiri mama yule wa Queens. Kengele inapolia, washeni taa ya nje kabla ya kuongea. Mgeni anaonekana, ninyi hamwonekani.

Kwa aliyetumiwa kamera tayari, asome kibandiko, atafute kitundu cha chaji, aulize habari ya intaneti. Na mwenye ndugu ng'ambo anayetaka kutuma, amwambie mapema: chagua yenye bateri ndani.

Wamama, msiseme kazi hii ni ya wanaume. Chuo cha Barefoot College, kilichoanzishwa na Bunker Roy huko Tilonia, India, mwaka wa 1972, kimewafundisha wamama wa vijijini kutoka nchi nyingi, wengi wao wasiojua kusoma, kufunga na kutengeneza sola. Hata Zanzibar wako wamama waliofunzwa hivyo, wanaowasha taa katika vijiji vyao. Walijifunza kwa rangi za nyaya na kwa mikono.

Ombi letu kwa kila kikundi ni dogo. Katika likelemba ijayo, tengeni pesa za kipima umeme kimoja cha kikundi kizima. Chagueni dada mmoja ajifunze hatua hizi sita na awapitie wengine nyumba kwa nyumba, akianza na nyumba za wajane na za wamama ambao waume wao wako mbali. Fizibo ya kila nyumba iangaliwe kwanza, kengele baadaye. Kisha tuleteeni habari ya mlichokikuta, tuwaandikie wengine. Tukutane juma lijalo kwa amani.